Mwaka Ambao Darasa la Nne Halikufungwa

Nakumbuka asubuhi ile Mwalimu Yakobo alipotuambia kwamba darasa letu halitafungwa mwaka mzima. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja wa darasa la nne, katika shule ya udongo na nyasi, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kharumwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mwanangu, nami nilikuwa msichana wa miaka kama kumi na mitatu. Niliposikia maneno yale nilijiziba mdomo kwa mkono, nisije nikapiga kigelegele mbele ya mwalimu.

Umekuja kuniuliza kama ni sawa mwanao abaki kambini shuleni likizo zote, asome bila kupumzika mpaka siku ya mtihani. Sitakujibu upesi. Keti, uji huo unywe ungali moto, nikueleze yaliyotupata sisi, kisha utaamua mwenyewe.

Enzi hizo shule yetu ilifungwa mara mbili kwa mwaka. Ilifungwa mvua zilipoanza, ili watoto tukapande. Ilifungwa tena mtama ulipokuwa unajaa maziwa, ili tukaamie ndege, na haikufunguliwa mpaka katikati ya kiangazi. Kila nyumba ilikuwa na dungu katikati ya shamba, jukwaa la miti lililopita mtama kwa urefu, na juu yake alikaa mtoto mwenye kombeo na sauti kubwa. Tangu alfajiri mpaka jua lizame alirusha mawe na kupiga kelele. Hiyo ndiyo tuliyoiita likizo, na usidhani tulipumzika.

Ubaya wake ni kwamba kila tulipofunga, kuna waliopotea. Nilikuwa na rafiki, Nyanjige, tuliyekaa naye benchi moja, mwenye kichwa cha hesabu kuliko wavulana wote. Shule ikafungwa wakati wa ndege. Ilipofunguliwa, mahali pake palikuwa wazi. Ng'ombe wa mahari walikwishafika kwao, naye alikwishapelekwa kwa mume, upande wa Kahama. Hata kuagana hatukuagana. Na mwaka huohuo hakuna mwanafunzi wa shule yetu hata mmoja aliyefaulu mtihani wa darasa la nne kwenda shule ya kati, la tano na kuendelea.

Mwalimu Yakobo aliumia. Alikuwa kijana mrefu, mwenyeji wa Ushirombo, Mkatoliki wa kusali kila jioni, na alitupenda kwa namna ambayo hata sisi watoto tuliiona. Akaita wazazi shuleni.

"Watoto wenu wana akili," aliwaambia. "Nawafundisha, wanaondoka. Wakirudi wamesahau nusu, na wengine hawarudi kabisa. Niachieni darasa la nne tu, kwa mwaka huu tu."

Babu yangu Masanja, ambaye kwa Kisukuma tulimwita guku, alisimama taratibu. Baba yangu alikuwa mbali, Geita, akichimba dhahabu, kwa hiyo babu ndiye aliyeisemea nyumba yetu.

"Mwalimu, hayo ya kusahau nimeyaelewa," alisema. "Na ndege je? Nani atakaa juu ya dungu?"

"Wadogo zao, mzee."

Babu alitazama chini kitambo. "Haya," akasema, akaketi. Nilimwona, lakini siku ile furaha ilinizuia nisijiulize alikuwa anafikiri nini.

Jioni mama aliniita jikoni. "Kabula, wewe ndiye unayeijua hiyo shule. Ukisema ubaki, utabaki. Minza atakwenda shambani." Minza alikuwa mdogo wangu, mwenye miaka minane, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Nilijibu kabla mama hajamaliza kukoroga ugali. Nilisema nitabaki.

Mwanangu, siwezi kukudanganya, miezi ile ilikuwa ya ajabu. Madarasa mengine yalipoondoka, shule ilitulia, na Mwalimu Yakobo akawa mtu mwingine. Hakuwa na haraka tena. Siku moja alikuja na kibuyu cha mviringo alichokichora kwa mkaa: nchi, bahari, na kitone kidogo alichosema ndipo tulipo sisi. Akakishika kwenye mwanga wa mlangoni, akakizungusha polepole, tukaona kitone chetu kikiingia gizani na kutoka. "Jua halitembei," akasema. "Ni sisi tunaozunguka. Hata sasa hivi."

Mvulana mmoja akashika benchi kwa mikono miwili. Mimi nilitoka nje saa ya mapumziko, nikasimama peku kwenye mchanga, nikaangalia miguu yangu kwa muda mrefu. Miaka yote hii, na bado siku nyingine nikiamka na kukuta mwanga dirishani, ule mshangao unanirudia.

Basi nikalewa masomo. Ndilo neno lenyewe. Nilianza kuiona nyumba yetu kama mahali pa kulala tu. Minza akirudi jioni, vumbi mpaka kwenye kope, akataka kunisimulia habari za siku yake, mimi niligeukia daftari langu.

Ndipo zikaja habari, kupitia watu waliokwenda mnadani, kwamba ndege wameonekana. Walikuwa kwelea, wale wadogo wenye midomo myekundu, na walikuwa wanatoka upande wa mashariki, shamba baada ya shamba. Siku iliyofuata, kabla sijatoka kwenda shule, mama alinisimamisha mlangoni.

"Kabula, naomba siku tatu tu. Mtama umejaa. Minza ni mdogo."

Sikiliza nilichomjibu mama yangu mzazi. Nilimwambia, "Mama, mimi si mtu wa kufukuza ndege tena."

Hakunipiga. Alichukua jembe lake, akaniachia njia nipite, nami nikapita.

Haikufika mchana. Tulikuwa tunafanya hesabu za mafungu tulipousikia mvumo. Mwalimu alitazama dirishani akasema, "Mvua hii, wakati huu?" Kweli, ulikuwa kama wa mvua kubwa inayokuja kwa mbali juu ya majani. Halafu ndani kukaingia giza, kama mtu ameziba mlango. Tukatoka nje.

Nimeishi muda mrefu, nimeona mengi, lakini sijaona tena kitu kama kile. Mbingu ilikuwa inatembea. Toka upande huu mpaka upande ule lilikuwa wingu la ndege, likijikunja na kujikunjua, likishuka mpaka chini na kupanda tena, na lote likigeuka kwa mara moja kana kwamba kuna mmoja aliyetoa amri. Ndege mmoja ungemfumbata kiganjani na nafasi ikabaki. Lakini mabawa yao wote pamoja yalitupepea usoni. Nilisahau shamba. Nilisahau mama. Nilisimama mdomo wazi, nikaona uzuri ule, nikajua nimekutana na kitu kikubwa kuliko sisi sote.

Kisha wingu likashuka, na nikaona linaposhukia. Lilikuwa linashukia kwetu.

Nilikimbia. Nyuma yangu nilisikia chuma kikigongwa: Mwalimu Yakobo alikuwa ameinyofoa kengele ya shule, kile kipande cha reli, anakuja nacho mbio huku anakigonga, na darasa zima linamfuata. Tulipofika, mama alikuwa anapiga debe, babu anazungusha fimbo, na juu ya dungu alikuwa Minza peke yake. Mkono wake ulichunika kwa kamba ya kombeo. Kinywa chake kilikuwa wazi, kinafunguka na kufumba, lakini hakikutoa sauti. Ilikuwa imekwisha. Alikuwa anapiga kelele bila kelele, mwanangu, na hakuwa ameacha.

Nilipanda dungu, nikamshika. Alinong'ona karibu na sikio langu: "Nilikuita. Nilikuita sana. Nilidhani shuleni kunasikika."

Tulipigana na ndege wale siku nne. Mwalimu hakurudi shule. Alilala kwa babu, na alfajiri alikuwa wa kwanza shambani. Ilibidi Minza amfundishe kurusha kombeo, kwa ishara tu, kwa kuwa hakuwa na sauti, na yule mtu aliyetuonyesha dunia inavyozunguka alishindwa mara nyingi, jiwe likamwangukia mguuni mwenyewe. Mara ya kwanza jiwe lilipokwenda sawasawa, kundi zima la ndege likaruka, akageuka akamtazama mtoto yule wa miaka minane kama sisi tulivyomtazama yeye siku ile ya kibuyu. Jioni ndege walikwenda kulala kwenye migunga, na tuliyasikia matawi yakivunjika kwa uzito wao.

Siku ya tano wakaondoka, ghafla kama walivyokuja. Tuliokoa kipande cha shamba, labda robo. Majirani wengine hawakuokoa hata mbegu. Mwaka ule tulikula michembe, viazi vile vilivyokatwakatwa na kuanikwa, asubuhi na jioni, mpaka nikawa nasikia harufu yake usingizini.

Nilimfuata babu zizini, nikamwuliza swali lililokuwa likinichoma. "Guku, kama ningekuwepo mimi, shamba lingepona?"

Babu hakuwa mtu wa kumpaka mtu mafuta. Alifikiri, akasema, "Hapana. Ndege wale hata ungekuwa na watoto kumi juu ya dungu wangekula."

Nikapumua. Akaendelea, bila kuinua sauti, "Lakini Minza asingekuwa peke yake."

Nimekaripiwa mara nyingi maishani, na walimu, na wakwe, na wakubwa wa kazi. Hakuna karipio lililonishika kama hilo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikaingia jikoni nikapiga magoti mbele ya mama. Aliniinua kwa kunishika bega, akasema, "Chota maji, tupike." Hakuyasema tena mpaka alipokufa.

Minza alikaa karibu miezi miwili ndipo sauti ikamrudia vizuri. Kwa muda huo wote nililala naye mkeka mmoja, nikamwachia asimulie kwa kunong'ona kila alichotaka, na nikagundua mambo ambayo sikuyajua. Alikuwa anajua ndege wa aina nyingi kwa mruko wao. Kwa kivuli cha dungu alijua saa, na hakukosea. Hayo alijifunza juu ya dungu lile, wakati mimi nilidhani amekaa bure.

Sasa usije ukasema bibi anaichukia shule isiyofungwa. Watoto wanne wa darasa letu tulifaulu kwenda shule ya kati, jambo ambalo halikuwahi kutokea pale, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ile miezi ya ziada ndiyo iliyonivusha. Bila hiyo ningekuwa nimekwenda njia ya Nyanjige, na huenda usingenikuta hapa nikiwa mwalimu mstaafu. Siwezi kuyatukana maji niliyooga.

Ila Mwalimu Yakobo aliwaita wazazi tena. Alisimama mbele yao, mikono bado ina makovu ya kamba ya kombeo, akasema, "Nilidhani nawaongezea watoto muda. Sikuwauliza ninyi muda huo nautoa wapi." Nilikuwa sijawahi kumsikia mwalimu akisema amekosea mbele ya watu wasiojua kusoma. Wazee wakakaa naye mchana kutwa, wakapanga. Shule ikawa inafungwa mtama unapojaa, wiki zile za ndege, na watoto wote wanakwenda shambani na mwalimu wao anakwenda nao. Lakini baada ya mavuno, kiangazi kikiingia, watoto hawana kazi na ng'ombe wa mahari wanaanza kuzunguka vijijini, shule ilibaki wazi. Miezi ileile iliyokuwa ikitunyang'anya wasichana, walikuwa darasani. Na aliyeandikwa wa kwanza darasa la kwanza lililofuata alikuwa Minza. Mwalimu alikuja kumchukua mwenyewe nyumbani.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtoto akitaka kusoma mwaka mzima, na mwalimu wake ni mwema, usimzuie kwa kuwa wewe ulisoma vingine. Kuna watoto, hasa wa kike, ambao likizo ndefu ndiyo inayowapoteza, na mlango wa shule ukibaki wazi unawaokoa. Lakini kabla hujakubali, uliza nani atabeba kazi anayoiacha nyumbani, na uende ukamtazame huyo usoni. Usikubali mwanao aambiwe kwamba siku asizoshika kitabu ni siku zilizopotea. Mpe muda wa kukaa na bibi yake, wa kushika jembe, wa kumsikiliza mdogo wake akisimulia. Na mmoja wenu nyumbani akimwomba siku tatu, mwambie mwanao azitoe siku hizo kwa moyo, hata kama mtihani uko mlangoni. Mtihani niliufanya ukapita. Kumwacha Minza juu ya dungu hakujapita.

Nenda ukaongee na mwalimu wake, na uongee na mtoto mwenyewe. Mungu aliyeuumba ule mvumo wa mabawa na akaiweka dunia hii izunguke bila kutuangusha, akutangulie. Akupe watoto wenye hamu ya kujua. Awape macho ya kushangaa, na masikio ya kusikia wanapoitwa.