Mguu wa Kushoto

Mama Kaswera, aliyekuwa akipanga marobota ya majani makavu, hakuhitaji kuinua macho ajue kwamba shofere, dereva wa trakta, ameingia shambani. Harufu ya klachi inayoungua ilimtangulia. Kiatu cha kushoto cha bwana huyo kilikuwa kimelika soli, cha kulia bado kipya, maana mguu wa kushoto haukubanduka kwenye pedali tangu asubuhi hadi jioni. Gia ndani, klachi imekanyagwa nusu, trakta ikitetemeka kama mbuzi aliyeona kisu. Sauti alikuwa nayo, ya mhubiri asiyehitaji kipaza sauti, na aliitumia kuwafundisha wanawake namna ya kubeba marobota ambayo yeye hajawahi kuyagusa.

“Muzee, toa muguu, unaunguza ambreyaji,” Kaswera alimwambia.

“Mama, vita haipigake hodi,” akajibu, macho kwenye barabara ya Goma. “Siku ile nyinyi mutakimbia na miguu. Mimi nitaachilia tu, naenda.”

Siku ile ikafika mchana kweupe, mizinga ikilia upande wa Rutshuru. Shofere hakumkaribisha mtu kupanda. Aliachilia klachi kwa mbwembwe. Injini ikanguruma, moshi ukafuka chini ya kiti, magurudumu yakabaki palepale. Akakanyaga, akaachilia, akakanyaga tena. Kaswera akampita, godoro kichwani.

“Muzee,” alisema bila kusimama, “toa sasa ile muguu. Utaihitaji kwa barabara.”