Goti la Kushoto

Miaka kumi na tisa nafua jezi za klabu hii, katika chumba kilicho chini ya jukwaa, na miaka yote hiyo hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza kitu zaidi ya kama zimekauka. Wachezaji waliniita Mama Sabuni. Mwenzangu wakamwita Mama Povu, eti ana maneno mengi kuliko kazi. Uongo mtupu. Kazi alifanya, ila mdomo wake haukujua likizo.

Jezi na soksi mtu anakamua peke yake. Trakisuti ikilowa inataka watu wawili: mmoja huku, mmoja kule, kila mtu anasokota upande wake mpaka maji yaishe. Hapo ndipo tulipopiga soga zetu zote. Mume wangu alipofariki nililia nimeshika ncha ya trakisuti, naye akaendelea kukamua taratibu, hakuniambia ninyamaze.

Basi akaja mshambuliaji wa kujaribiwa. Klabu nzima ikapagawa. Mwenyekiti alikuwa tayari kuuza mabeki wawili pamoja na basi la timu ili ampate. Kijana wa watu akacheza nusu saa, akafunga mawili. Soksi zake zilipoletwa kwetu, ndani ya ile ya kushoto nikakuta bendeji ndefu ya goti, imeviringishwa na kusahauliwa humo, inanuka dawa ya kuchua.

Mama Povu akasema, "Kamwambie mwenyekiti kabla hajasaini. Mimi wataniona mmbea tu."

Nikamjibu kwamba mdomo uliponza kichwa, mambo ya wakubwa tuwaachie wakubwa. Niliogopa kazi yangu, ndiyo ukweli. Nikaifua bendeji, nikaianika. 

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wakamsajili kwa vigelegele, na mechi ya tatu goti likaachia, akatolewa kwa machela. Mshahara wake lakini haukuchechemea hata kidogo. Mabeki wameshauzwa, basi limeshauzwa, sisi tunafungwa nyumbani na ugenini. Mwishowe katibu akashuka chumbani kwetu, kwa mara yake ya kwanza, akasema klabu inabana matumizi na mfuaji mmoja anatosha. Aliyeajiriwa mwisho ndiye anayeondoka.

Mama Povu akavua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya beseni. Nilingoja anitukane. Wallahi nilitaka anitukane. Yeye mwenye maneno yote yale akaondoka bila kusema hata moja, na mpaka leo sijapata uso wa kwenda kwake.

Siku hizi nafunga ncha ya trakisuti kwenye bomba, nasokota peke yangu. Bomba halina habari za majirani wala halijui nani kamwacha nani. Naongea nalo hivyo hivyo, nichekeni tu.

Jana asubuhi mshambuliaji aliingia na gongo lake la kutembelea. Wenzake hawampi hata salamu, kwa hiyo huja kukaa kwenye benchi langu, ananitazama nikifua. Aliponiona nahangaika akanyanyuka, akafungua ile ncha kwenye bomba, akaishika yeye. Akawa anasokota kufuata mkono wangu. Nguo ikazunguka tu, haikamuki.

"Mama," akasema, "hili goti liliniuma kabla sijaja hapa. Hakuna aliyeniuliza, na mimi nikanyamaza."

"Mimi niliiona bendeji," nikamwambia. "Niliifua kwa mikono yangu."

Akainamisha kichwa. Maji yalikuwa yanatuchuruzikia miguuni. Nilitaka kumwelekeza asokote upande wa pili, kama alivyofanya Mama Povu, lakini upande ule ulikuwa wa mwenzangu. Nikaipokea ncha mkononi mwake, nikaifunga tena kwenye bomba.