Nyuma ya Kitambaa cha Nyangeta

Enzi zetu, sisi tuliokulia Musoma kabla simu haijajua kupiga picha, mke alichaguliwa kwa kugeuza kitambaa. Posa ikishaletwa, shangazi za mwanaume walikuja kukagua vitambaa alivyodarizi binti. Mbele hawakuangalia sana. Mbele kila mtu alikuwa na waridi na "Karibu Mgeni". Waligeuza. Nyuma ikiwa safi, bila mafundo wala nyuzi zilizotambaa, basi na jikoni kwake ni hivyo hivyo. Nyuma ikiwa vurugu, walimaliza chai yenu wakaondoka. Sayansi hiyo niliitafuta chuo kikuu sikuiona, lakini mama zetu waliiamini kuliko vipimo vya hospitali.

Mimi kudarizi kulinishinda mapema. Nilishona bata, mama akanipongeza: "Kigoda kizuri." Dada yangu Nyangeta ndiye aliyekuwa na mkono, ila mkono wenyewe mkaidi. Waridi hakutaka. Jumamosi tulikwenda kwa fundi cherehani wa Kamunyonge, tukapiga magoti chini ya meza yake kuokota vipande: kaki ya kaptula, bluu ya sketi za shule, kijivu cha suruali za wazee wa kanisa. Fundi alilalamika, "Nyie watoto, hata panya huwa wananiachiaga kitu!" Nyumbani Makoko, Nyangeta alivishonea juu ya kitambaa cheupe. Bluu ikawa ziwa, kijivu kikawa mawe yetu makubwa, kaki ikawa majani ya kiangazi. Kwa uzi mweupe alimtia yangeyange juu ya jiwe. Uani tulikuwa tumeanika dagaa, na ukiitazama picha ile ungeapa harufu inatoka humo.

Wasichana wengine wa mtaani, ambao Kilimanjaro waliiona kwenye kalenda tu, walishona theluji na minazi. Ziwa lilikuwa mgongoni mwao.

Siku shangazi wawili wa mchumba walipofika kutoka Kabasa, Bunda, mama alikuwa ameazima vikombe nusu ya mtaa. Nyangeta alimtaka kijana yule kweli. Alikuwa hali, na yeye si mtu wa kuacha ugali kwa jambo dogo. Picha ikaletwa. Shangazi mkubwa akaishika, akasema, "Eee! Mawe haya nayajua!" Kisha, mila ni mila, akaigeuza.

Nyuma kulikuwa na mafundo, nyuzi zilizokatwa kwa meno, na kipande kimoja bado kina lebo ya suruali ya mtu.

"Binti, huku nyuma walilishwa mbuzi?" akauliza shangazi mdogo.

Nyangeta, aliyetakiwa kutazama chini, akajibu, "Kwani shangazi, nyie ukutani mnatundikaga nyuma?"

Mama alikohoa kama mtu anayezama. Wageni walimaliza chai, wakaomba picha "tukamwonyeshe kaka", yaani baba wa kijana. Wiki ile posa ikavunjika, na kijana hakuwa na ubavu wa kubishana na shangazi zake. Picha haikurudi. Nyangeta alilia mpaka macho yakavimba, na mama akamfariji kwa namna yake: "Ulimi wako nao ungeupiga pindo."

Baadaye aliolewa Butiama na mwanaume asiyejua sindano inashikwa wapi, na wanaelewana. Juzi nilikwenda msibani Bunda, mvua ikatusukuma sisi waombolezaji ndani ya nyumba ya jirani. Kumbe ilikuwa nyumba ya wale shangazi wa Kabasa. Hawakunitambua. Ziwa letu lilikuwa ukutani, juu ya televisheni, ndani ya fremu ya kioo. Shangazi mdogo, bibi kizee sasa, aliniona nalitazama, akasema kwa majivuno, "Hii alishona binti mmoja wa Musoma. Tulimkosa."

Tulimkosa! Hakusema walimkataa. Nilipomsimulia Nyangeta kwa simu alicheka sana, kisha akauliza kama wametundika mbele au nyuma.

Vijana wa leo wakiachana, machozi hayajakauka wameshafutana simuni, picha zote, hata ile ya keki. Enzi zetu, waliokukataa walikutundika sebuleni.