Vidonda vya Tumbo Ambavyo Mama Hakuwa Navyo

Uongo ule niliutunga mimi, tena getini kwetu Tengeru, bahasha ya majibu ya mama ikiwa mkononi. Jirani yetu, bibi mmoja wa jumuiya yetu ya kanisa, aliniuliza hospitali wamesema nini. Neno kansa likanishinda. Nikasema, "Vidonda vya tumbo."

Kesho yake jumuiya nzima ilishajua. Yule bibi akaanza kuleta juisi ya kabichi kila asubuhi, na haondoki mpaka mama amalize kikombe. Wengine wakapiga marufuku pilipili na maharage. Mama, ambaye bila pilipili haoni kama amekula, alinitupia jicho ninalolijua tangu utotoni.

Nyumbani nako tulikuwa wale wale. Tulisema "ile hali", tena kwa kunong'ona, mama mwenyewe akiwa amekaa hapo hapo anamenya ndizi.

"Ni kansa," alituambia. "Iko kwenye titi, masikio yangu ni mazima. Semeni tu."

Sikuweza. Niliona nikilitamka nitakuwa nimemzika.

Alhamisi moja zamu ya ibada ya jumuiya ikafika kwetu. Mzee wa kanisa akaomba kwa kirefu. Aliliombea tumbo, akahamia kwenye utumbo, akakemea asidi. Mama akafumbua macho.

"Samahani, mzee wangu," akasema. "Unaomba vizuri sana, ila unapaombea palipo pazima. Mimi nina kansa ya titi. Jumatatu naanza dawa, nataka mniombee hapo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha bibi akaweka kitabu chake cha nyimbo mezani.

"Mimi walinikata la kushoto," akasema, "hata mjukuu wangu wa kwanza hajazaliwa. Niliwaambia watu ni jipu."

Mama akamgeukia. "Na makabichi yote yale ukaninywesha!"

"Ningejuaje, mwanangu? Si mlisema tumbo!"

Wakacheka wakashikana mikono, na sebule nzima ikacheka nao, mzee wa kanisa akifuta machozi. Aibu niliiona, lakini furaha ilinizidi. Wiki zote zile nilikuwa nimemwacha mama peke yake na ugonjwa wake, na sasa alikuwa na mwenzake.

Mzee akauliza aendelee alipoishia au vipi. Bibi akavuta kiti chake karibu na cha mama.

"Anza upya," akasema. "Na utuombee wawili. Kwa hili, mimi sijawahi kuombewa."