Siku Niliyoifungua Nyumba ya Halima kwa Kiingereza

Aibu hii nimeibeba peke yangu mpaka nimechoka, kwa hivyo leo nawagawia na nyinyi mnisaidie kidogo.

Ilikuwa ile mvua ya elninyo, mto Tana umefura, maji yamekaribia manyatta yetu hapa nje ya Garsen, wazee wakasema leo tunahamia juu. Mke wangu Halima yuko hospitali Ngao, amejifungua mtoto wetu wa kwanza, na siku hiyohiyo ndiyo analetwa, kwa hivyo kazi ni moja tu: nyumba yake iwe imesimama kule juu kabla hajafika na mtoto. Sasa kwetu Waorma nyumba ni ya mwanamke, yeye ndiye anakunja fito, anafunga kamba, anafunika mikeka, na siku ya kuhama yeye ndiye anafungua, mwanamume anaangalia ng'ombe (na kusumbua watu kwa maneno).

Jirani yetu Mama Jilo akaniambia, "Barisa, ngoja nimalize kupakia yangu, nije nikufungulie."

Ningengoja tu. Lakini wanaume wenzangu wako hapo wanatazama, na mimi ndiye msomi wa manyatta, nimefika form two nikaacha shule (au shule iliniacha, hatujakubaliana). Nikamwambia, "Mama, kufungua vitu tumesoma. Separate, detach, disconnect, dismantle, yote ninayo." Mwalimu alituchapa mpaka tukayajua kwa mpangilio.

"Haya, msomi," akasema. "Lakini anza juu."

Nikaanza chini. Kamba zimelowa, mafundo yamevimba hayafunguki, nikatoa kisu nikawa nakata, na kila nikikata natamka neno moja kwa sauti wale wanaume wasikie, kumbe zile fito zimekunjwa kama upinde na kamba ndiyo imezishika, kufika "dismantle" zikafyatuka zote pamoja, moja ikanichapa mdomo, mikeka ikanifunika, nikawa natapatapa ndani kama ndama kwenye matope, punda wangu akaona mkeka unatembea na unalia, akatoka mbio na mikeka ya kulalia mgongoni mpaka majini. Manyatta nzima imeshapakia, imesimama inanitazama. Nikasikia mtu anauliza, "Hapo amefika neno gani?"

Halima alifika kule juu saa kumi, mtoto kifuani, ameshasimuliwa yote. Nyumba za wenzake zimesimama, yake ni rundo la fito na vipande vya kamba tulivyopandisha hivyohivyo, zile kamba alizosukiwa na mama yake kwa harusi. Hakunipigia kelele (afadhali angepiga). Akaokota kipande, akakitazama, akauliza, "Na la kujenga, Kiingereza chake ni nini?"

Nikamwambia hilo lilikuwa la form three.

Akaingia kwa Mama Jilo na mtoto, wakakaa huko mpaka kamba mpya zikapatikana, na mimi nje na mbuzi chini ya karatasi ya nailoni, mdomo umevimba, najaribu kusuka. Za kwangu zilikataliwa, zikafungiwa mbuzi.

Siku hizi tukihama nashika punda na nanyamaza. Yule mtoto naye sasa anasoma, juzi amekuja na Kiingereza chake, nikamwambia mwanangu, muulize mwalimu maneno ya kufunga, ya kufungua asijisumbue, hayo tunayo nyumbani.