Dogo wa Kiti cha Tisa

Kwanza tuelewane, kabla hamjaanza kuniombea: mimi sichezi kamari. Mama yangu alinilea kanisani, na hapa Dubai kamari ni njia ya mkato ya kurudishwa kwenu na nguo ulizovaa. Ninayoisimulia ni ruleti, ule mchezo wa kubahatisha nambari ya gurudumu, ila ya hewa tupu. Unaingia kwa simu, unapewa tokeni ambazo huwezi kununua, kuuza, wala kumtumia shemeji. Zikiisha, kesho unapewa nyingine. Ukizikomba zote za meza nzima, hongera, jioni bado utakula dengu na mkate kama sisi.

Mchezo huo aliuleta jirani yetu Mtanzania, fundi wa kompyuta mwenye kiduka chini ya jengo letu la wafanyakazi kule Al Qusais. Kijana mmoja alimpelekea kompyuta kuukuu, ile ya boksi zito, akasema ni ya nyumbani kwao na wanataka tu picha za familia zitolewe. Fundi ni mtu ambaye akiona waya lazima aufuate hadi mwisho. Akakuta ndani yake mchezo wa watu wengi, wa enzi zile ambapo watu waliunganishwa kwa laini ya simu ya mezani. Akaomba ruhusa autumie. Kijana akaleta jibu kwamba nyumbani wamekubali, mradi nao waonyeshwe njia ya kuingia.

Basi fundi akauweka mtandaoni vilevile alivyoukuta. Skrini nyeusi, herufi za kijani, hakuna picha hata moja. Gurudumu lilikuwa nambari zinazopita mbio, halafu zinachoka, halafu moja inabaki. Chini yake palikuwa na nafasi ya kuandikiana, na hapo ndipo utamu wote ulipokuwa. Majina hayakuwepo. Ukiingia unapewa kiti, na kiti kinakuwa chako. Fundi alikuwa Kiti cha Kwanza, mimi Kiti cha Nne. Vingine walivikalia wapishi, walinzi na wahudumu, Wakenya, Waganda na Watanzania, kila mtu na Kiswahili chake alichotoka nacho kwao.

Meza ilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: huketi bila hodi, na huinuki bila kuaga. Mchezo wenyewe ulitusaidia kuitekeleza, maana gurudumu halikuzunguka mpaka kila kiti kibonyeze kwamba kiko tayari. Mtu akiondoka kimyakimya, wote tunamngoja. Siku moja tulikaa tumeduwaa kwa sababu mpishi mmoja Mganda alikimbilia wali wake bila kuaga. Aliporudi tulimsimanga mpaka akaomba msamaha, na wali wenyewe ulikuwa umeungua.

Mimi nilikuwa mlinzi wa jengo refu kule Dubai Marina, shifti ya usiku. Wenzangu wa chumbani walikuwa wa mchana. Kwa hiyo nikiamka baada ya adhuhuri chumba ni changu, chai ni yangu, na meza inaningoja. Na saa hizo, hata wengine wote wakiwa kazini, Kiti cha Tisa hakikukosekana.

Ndiye tuliyemwita Dogo. Hakuna aliyetuambia ni mtoto. Tulitumia akili zetu, na tulijivunia sana akili hizo. Mtu yuko mtandaoni mchana kutwa, maana yake hana kazi. Anaweka tokeni zake zote kwenye nambari moja, ishirini na tisa, kila mara, zinaliwa, anaandika kicheko, anangoja kesho. Mtu mzima hachezi hivyo. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, kwa hiyo tukasema huyu ni mtoto wa zile familia za Kizanzibari zilizokaa hapa tangu zamani. Na mambo aliyotueleza! Leo wamenificha sukari. Leo nimekatazwa kutoka peke yangu. Wanasema nisipande ngazi, nitaanguka. Wamenipokonya simu mpaka nimalize kula. Siku moja akaandika kwamba jino lake limeng'oka. Fundi akampongeza na kumwambia alitupe juu ya paa ili apate jipya. Akajibu kwamba wanakaa gorofani na paa liko mbali.

Tukamlea. Sijui niseme neno gani lingine. Mtu akianza matusi baada ya kuliwa tokeni, mwingine aliandika tu, "Mtoto yuko mezani," na yule anajirekebisha. Msemo huo ulihamia mpaka vyumbani kwetu. Watu walikuwa wakigombania choo, mmoja akisema mtoto yuko mezani, wote wanacheka. Mimi nilijipa cheo cha kaka mkubwa. Kila nikiingia nilimuuliza kwanza kama amekula. Nilimhimiza asome. Nilimwambia akiambiwa akapumzike apumzike, wakubwa wanajua wanachosema. Nilipoanza kuwasimulia habari za mpenzi wangu, naye akauliza maswali mengi mno, nilimwandikia, "Tulia Dogo, ukikua utajua mapenzi ni nini." Akajibu kwamba atangoja.

Kuna mtu aliingia siku moja bila hodi, sijui nani alimpa njia. Alipoona tunamwita mwenzetu Dogo, akaanza kumwomba picha. Akamuuliza anakaa wapi na kama wazazi wako nyumbani. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilimwandikia kwa herufi kubwa mpaka kidole kikauma, na yaliyomo sitayarudia hapa, maana hata leo mtoto yuko mezani. Alitoka mbio, na fundi akamfungia asirudi. Dogo akaandika, "Ahsante, Kiti cha Nne." Siku ile nilikwenda kazini na ghadhabu yangu.

Sasa mpenzi wangu. Alikuwa mhudumu katika mkahawa wa hoteli jirani na jengo nililolinda, Mkenya mwenzangu, na nilimpenda mpaka nikawa mjinga. Alikuwa karibu kwenda likizo, na huko kwao mwalimu mmoja alikuwa ameshapeleka wazee wake kwa baba wa msichana kuulizia uchumba. Baba hakuwa na neno baya juu yangu, ila hakuwa na neno lolote, kwa kuwa hakunijua. Alisema atasikiliza maneno ya mtu mmoja tu hapa Dubai, naye ni mjomba wa msichana, mtu aliyeuza vipuri vya magari Ras Al Khor kwa miaka mingi na mzee wa kanisa juu ya hayo. Nikaenda kwa mjomba. Hata chai hakunipa. Alisema yeye hazungumzi mambo ya binti yao na kijana. Nilete mzee wa kunisimamia, wakae, waongee. Nisipomleta kabla mpwa wake hajapanda ndege, mwalimu ana wazee, mimi sina.

Aki, nimtoe wapi mzee? Sisi wote pale ni watu wa miaka ishirini na thelathini. Wazee tuliwaacha nyumbani, tunawaona kwenye simu wakiwa wameelekeza kamera kwenye dari. Msimamizi wetu kazini ndiye aliyekuwa na mvi, lakini yeye hajui hata salamu ya Kiswahili. Nikaingia mezani nikiwa na huzuni ya kweli, nikawaeleza yote. Fundi alijitolea kupaka ndevu zake unga. Wengine wakanipa pole. Gurudumu lilisimama, kiti kimoja kilikuwa hakijasema kiko tayari. Ndipo Dogo akaandika, "Mzee nitakuletea mie. Yupo humu nyumbani. Mkaidi kidogo, lakini watu humwamkia."

Nikadhani ana babu. Nikamwambia amwombe kwa adabu, asimsumbue mzee wa watu. Akajibu kwamba yeye humsumbua kila siku.

Tulikutana Jumapili baada ya ibada, Ras Al Khor, duka likiwa limefungwa na gereji zote za mtaa ule zimenyamaza. Mjomba alikuwa ameketi kati ya magiaboksi, bado amevaa tai yake ya kanisani. Mpenzi wangu alipanga viti vya plastiki, akavifuta, akavipanga tena. Mimi nilisimama nje juani, shati limenigandia mgongoni, nikaangalia barabara. Nilihofia hawatakuja. Nikahofia zaidi kwamba watakuja na mjomba atauliza tumejuana wapi.

Gari likafika. Akashuka kijana mrefu, miwani, viatu vyeupe. Nilimrukia. Nikamkumbatia na kumgongagonga mgongo, nikamwambia, "Dogo! Kumbe umekuwa mrefu hivi!" Yeye akasimama wima kama nguzo, mikono hewani, akasema kwa Kiingereza kwamba yeye ni dereva tu leo. Halafu nikasikia sauti kutoka kiti cha nyuma.

"Kiti cha Nne, mwachie mjukuu wangu uje unishike mkono. Goti hili halinitii."

Alikuwa bibi mdogo wa umbo, buibui jeusi, fimbo, kapu la chai na haluwa mapajani. Alikuwa akinitazama na kucheka bila sauti, mabega yakimtikisika. Nilimshika mkono. Hata shikamoo nilisahau. Kila nilichowahi kumwandikia kilipita mbele yangu kama zile nambari za kijani: kalale, soma, sikiliza wakubwa, ukikua utajua mapenzi. Aliponiona nimeganda akaninong'oneza, "Nimekua, mwanangu. Haya twende."

Mjomba alisimama. Yeye adabu zake hazikupotea, alimwamkia vizuri kabisa, akampa kiti chenye mto. Chai ikamiminwa, haluwa ikakatwa. Kisha akauliza nilichokiogopa. Alitaka kujua huyu mama na mimi tunahusianaje, kwa kuwa aliona wazi hatufanani hata kucha. Bibi alimjibu kwamba tunacheza pamoja ruleti.

Mpenzi wangu alifumba macho. Mjomba aliweka kikombe chini. Mimi nilikuwa tayari kuanza kujieleza, lakini bibi aliniwekea fimbo mguuni nikae kimya. Akamweleza mjomba polepole. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mitambo ya simu, akauleta mchezo ule nyumbani zamani, mashine ikilia kama kanga kabla ya kuunganisha. Watu walipiga simu nyumbani kwa bibi ili tu wacheze na kuandikiana, na hakuna senti iliyowahi kupita. Ishirini na tisa ilikuwa nambari ya mumewe. Alipofariki kompyuta ikawekwa stoo, na yeye akawekwa kwenye kochi. Siku mjukuu alipomletea habari kwamba kuna vijana wanataka kuufufua mchezo, alikubali kabla hajamaliza kusema.

Halafu akasema neno alilokuja kulisema, na hili nalikumbuka lote.

"Kwao mie sikujui, na baba yake simjui. Najua moja. Huyu alinidhani mtoto mdogo. Na mtu mbele ya mtoto hajifichi, baba, tabia yake yote huimwaga hapo. Hajanitukana, hajaniomba kitu. Alipokuja wa kuniomba, alimfukuza kama anavyofukuzwa paka jikoni. Na kila siku aliniuliza kama nimekula. Wanangu huniuliza kama nimemeza dawa."

Mjomba alimtazama bibi, akanitazama mimi, akamtazama mpwa wake ambaye machozi yalishamfika kidevuni. Kisha akatoa simu, akampigia baba wa msichana palepale, mbele yetu, sauti ya kupasua bati.

"Shemeji, mzee wa kijana amekuja. Ni mama, lakini ni mzee. Huyo mwalimu mwambie wazee wake tunawashukuru."

Nililia. Nasema wazi, nililia kati ya magiaboksi nikiwa na haluwa mdomoni. Mpenzi wangu alinicheka huku naye analia. Mjomba, ambaye hakuwahi kunipa chai, sasa alinimiminia hadi kisahanini. Kabla bibi hajaondoka, mjomba alitaka aonyeshwe huo mchezo ulivyo, kwa ajili ya kuhakikisha tu, alisema. Akapewa Kiti cha Kumi na Moja. Akaweka tokeni moja, akaliwa, akalalamika kwamba gurudumu lina hila, akaweka nyingine. Mjukuu wa bibi aliangalia saa mara nyingi.

Kesho yake niliamka mchana, nikaweka chai, nikaingia. Habari ilikuwa imeshaenea, fundi alikuwa ameieneza. Meza ilijaa kuliko siku zote, hata walio kazini walikuwa wamejificha mahali. Wote tulikuwa na aibu. Tulipiga hodi kwa upole kama watu wanaoingia nyumba ya msiba. Mimi kama kaka mkubwa nikaona nianze. Nikaandika, "Shikamoo, Bibi." Fundi akafuata na yake, na wa tatu, na wa nne, skrini nzima ikawa shikamoo za kijani.

Gurudumu halikuzunguka. Viti vyote vilikuwa tayari isipokuwa cha tisa. Tukangoja. Chai yangu ikapoa.

Ndipo akaandika: "Shikamoo ninazo tele humu nyumbani, wanangu. Dogo naitwa hapa tu."

Nikaandika, "Dogo, umekula?"

Akajibu kwamba ameshakula, ila sukari wameificha tena. Nikamwambia avumilie, wakubwa wanajua wanachosema. Kiti cha Tisa kikawa tayari, tokeni zote kwenye ishirini na tisa, tukazungusha.