Bega Linaloelea

Manekeni ilitoka Ulaya ndani ya sanduku la mbao, na nilipolifungua sikuipenda. Ni mwili wa povu gumu wa paa wa kule, bila ngozi, bila macho, unaongoja kuvalishwa ngozi halisi kwa ajili ya makumbusho yetu. Shingo juu, kifua mbele, kama mtu anayepigwa picha ya harusi. Paa wetu wa msituni hatembei hivyo. Yeye hupita chini ya matawi, kichwa mbele, mgongo umepinda, makalio juu kuliko mabega. Kazi yangu ilikuwa kumfanya yule bwana wa Ulaya ainame.

Ngozi tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, nyekundu yenye mstari mweusi mgongoni, ya paa aliyeokotwa amekufa. Ilipanda mto kwa boti kutoka Yangambi, imejaa chumvi. Nyingine niliiharibu mwenyewe mwaka uliotangulia: niliivuta kwa nguvu juu ya manekeni isiyofaa, ikakauka, ikapasuka begani mbele ya kila mtu. Kwa hiyo safari hii mkuu wetu wa makumbusho, mtu wa maneno machache, hakunificha kitu.

"Madame, hii ikipasuka, utarudia chupa za samaki. Étiquettes tu."

Vibandiko vya chupa za samaki waliohifadhiwa niliviandika miaka sita. Sitaki hata kuvisikia.

Basi nikapima. Mezani nilikuwa na mifupa ya paa wa aina hiyohiyo, na daftari langu la chuo. Nikakata shingo ya povu, nikaishusha. Nikapunguza kifua kwa msasa, nikafupisha miguu, nikaongeza makalio kwa unga wa mbao na gundi. Vipimo vyote vikakubali. Nikaijaribu ngozi ikiwa bado na unyevu: mgongoni ikalala vizuri, lakini begani ikakunjamana upande mmoja na kukaza upande mwingine, palepale ilipopasuka ile ya kwanza. Nikaivua, nikairudisha kwenye friji nikiomba umeme usikatike, nikapima upya. Vipimo vilevile. Nilikasirika hadi nikaitukana manekeni kwa Lingala, maana Kiswahili hakikutosha.

Mama yangu anauza nyama ya mbuzi sokoni. Anaikata mwenyewe tangu nikiwa mgongoni kwake, na kazini sikuwahi kumtaja, kwa upuuzi tu wa mtu aliyesoma. Asubuhi iliyofuata nilipita kwake kunywa chai, naye akaniona uso.

"Ni nini tena? Uko na sura ya mutu wa matanga."

Nikamweleza. Alinisikiliza huku kisu chake kikiendelea. Kisha akavuta nusu ya mbuzi, akaushika mkono wangu na kuuingiza kati ya bega na mbavu.

"Tafuta mufupa ile inashika mukono na mwili."

Nikatafuta. Nyama, utelezi, nyama.

"Hakuna, mama."

"Voilà. Haiko. Bega ya mbuzi inaelea. Akishusha kichwa, bega inapanda. Wewe umeshusha kichwa. Alors, bega uliacha wapi?"

Niliona aibu, na ilinistahili. Jambo hilo nililijua! Niliwahi kulijibu kwenye mtihani: wanyama hawa hawana mfupa wa mtulinga, mkono wa mbele hushikwa na misuli tu. Nikaandika, nikapata alama zangu, nikasahau.

Nilirudi kazini karibu mbio. Nikayakata mabega yote mawili ya povu, nikayatelezesha juu na nyuma kiasi cha vidole viwili, mpaka ncha zake zikalingana na uti wa mgongo, nikaziba mapengo. Nikaivisha ngozi tena. Ililala. Nikashona, na kwa siku zote za kukauka nilikuwa nikiingia kila asubuhi kulitazama bega kabla ya kumsalimia mtu yeyote. Halikupasuka.

Mkuu alimzunguka yule paa mara mbili.

"Très bien, Madame. Ulitumia kitabu gani?"

Majina ya vitabu nilikuwa nayo mdomoni.

"Mama yangu," nikasema. "Anakata mbuzi sokoni."

Alinitazama kidogo. "Bon. Aalikwe."

Siku ya kufungua chumba cha maonyesho mama alikuja na kitenge chake cha kanisani. Wageni walikuwa wakisifu macho, wakisifu rangi. Yeye alienda moja kwa moja begani, akaweka kiganja, akasukuma kidogo, kama anavyofanya mezani kwake kila siku. Bega halikusogea. Akasukuma tena, kisha akanigeukia.

"Haielei," akaninong'oneza.

"Ndiyo, mama. Iko na gundi."

Alifikiri. Akaondoa mkono, akapapangusa pale alipogusa kwa ncha ya kitenge, akatazama kama mkuu yuko mbali.

"Bon," akasema. "Sitaambia mutu."